Kichuguu Tulichoanzia Kupima

Nimestaafu. Najua neno hilo ni la watu wenye nywele nyeupe, lakini sikupata lingine. Tangu utoto wangu nilikuwa na kazi moja tu, ya kuwa mwanafunzi, na kazi hiyo imekwisha: diploma imetoka, sare nimempa binamu yangu, na chuo kikuu bado hakijafungua milango. Madame Ngoie, mwalimu wetu wa jiografia, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia mwaka wa sita jinsi utafiti wa mwisho unavyopangwa na kumalizwa. Alisema, "Kurasa mbili, Mwamini. Mbili." Nimejitahidi. Habari za pointi nimeziacha. Ziko kwenye buletini ya matokeo, na buletini iko kwa mama yangu, ambaye huwaonyesha wageni hata wasipouliza.

Siku ya kwanza ya utafiti ilikuwa siku ya mvua kubwa, mwanzoni mwa mwaka. Madame aliingia na viatu mkononi, akavivaa mbele yetu bila haya, halafu akaandika ubaoni: Chagueni swali mnaloweza kulifikia kwa miguu. Tukagawanywa wawili wawili. Mimi niliangukia kwa Ilunga. Babu yake alifanya kazi kwenye reli, na labda ndiyo sababu Ilunga huamini kwamba kila kitu kitafika, hata kikichelewa. Mimi siamini hivyo. Mimi huanza kuhangaika kabla kitu hakijaondoka.

"Tuandike juu ya samaki ya Pweto," akasema Ilunga. "Bajomba yangu beko kule."

"Ni mbali. Tutafika namna gani?"

"Na mawazo."

Madame, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu, akamwuliza, "Na kurudi? Utarudi pia na mawazo?" Darasa likacheka, na Pweto ikafa papo hapo. Wawili wengine walitaka malori ya Kasumbalesa, mpakani. Hao nao waliulizwa kama wanaweza kwenda Kasumbalesa kwa miguu.

Mimi na Ilunga tunakaa upande wa Annexe, komini ya pembezoni mwa jiji, mahali ambapo nyumba na mashamba bado hayajaelewana nani ni mwenyeji. Huko kwetu kuna vichuguu. Sisemi vichuguu vile vya kufika magotini. Nasema vichuguu virefu kuliko nyumba, ambavyo mchwa walivijenga kabla babu zetu hawajafika kutafuta kazi. Watu wanapanda maboga juu yake, wanaanika nguo, watoto wanateleza. Akina mama wajawazito humega udongo wake wakautafuna. Na zaidi ya yote, udongo huo unatoa tofali zuri. Nikapendekeza tuchore ramani ya vichuguu vya mtaa wetu na kueleza watu wanavitumia kwa kazi gani. Ilunga akakubali mara moja, kwa sababu kimoja kilikuwa nyuma ya kwao.

Hapa lazima niwaeleze sheria ya Madame, ingawa wengi wenu mmeshaisikia. Kabla ya kuruhusu mtu yeyote atetee kazi yake mbele ya darasa, Madame hushuka mwenyewe kwenye mtaa uliochorwa. Anachukua ramani yako, anatembea nayo, anatafuta ulichokichora. Asipokiona, hutetei, na jiografia yako ya mwaka imekwenda. Kuna kundi moja lililotutangulia ambalo lilichora soko. Madame alikwenda na kikapu, akakuta watu wanacheza mpira. Nadhani kikapu ndicho kilichomuudhi zaidi. Kundi hilo halikutetea, na kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi anayechora hata mfereji bila kuugusa kwa mkono.

Basi nikapanga. Nilipanga siku za kupima, na siku za badala kama mvua itanyesha. Nilipanga la kufanya Ilunga akiugua, nikiugua mimi, tukiugua wote wawili, tukigombana. Nilimwonyesha Ilunga. Alisoma mpaka mwisho, na hiyo kwake ni heshima kubwa.

"Na kama yote inaenda muzuri?" akauliza. "Mupango yake iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikwenda nyumbani nikaiandika.

Aliyetufundisha kupima ni baba yangu mdogo, Saidi, fundi mwashi. Familia yetu ilitoka Maniema zamani, na wanaume wetu wengi ni mafundi wa kitu fulani. Baba Mdogo ni fundi wa kuta. Alituazima futi yake ya chuma kwa asubuhi moja tu, maana bila hiyo hafanyi kazi, nasi tukaitumia kutia mafundo kwenye kamba, fundo moja kila mita. Kisha akatuambia tuchague mahali pamoja pa kuanzia. Kila kichuguu tutakipima kutoka hapo: umbali kwa kamba, upande kwa dira ya simu.

"Muchague kitu ambayo haitembeyi," akasema. "Ukianzia ku kitu yenye kutembeya, ramani yako nayo itatembeya."

Maneno hayo yalinikaa. Mti unaweza kukatwa, na makaa ni ghali. Nguzo ya umeme inaweza kuanguka. Huko kwetu huwa zinaanguka hata bila sababu. Pampu ya maji inaweza kuharibika ikang'olewa ikapelekwa kutengenezwa. Nyumba inaweza kuuzwa na kubomolewa. Barabara yetu yenyewe huhama kila msimu wa mvua, ikikimbia mashimo yake. Nilizunguka na swali hilo siku nyingi, mpaka Ilunga akaacha kupokea simu zangu. Mwishoni nikapata jibu ambalo lilinipa usingizi. Tutaanzia kwenye kichuguu cha Mama Zaina.

Mama Zaina ni mjane, jirani yetu wa mtaa wa nyuma. Kichuguu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kipana chini kama nyumba ya vyumba viwili, na juu kilikuwa na mti mdogo uliopinda. Kilikuwa hapo kabla ya nyumba yoyote. Nilijiambia: kama kuna kitu kisichotembea katika komini nzima ya Annexe, ni hiki. Mama Zaina alituruhusu bila maswali. Alitutaka tu tusikanyage maboga.

Tulipima miezi ya mvua. Mabuti ni lazima, na mwavuli hausaidii kitu, kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye kamba. Kosa letu la kwanza lilikuwa kamba yenyewe. Ilikuwa ya katani, na katani ikilowa inajikaza. Tulipoirudia kwenye futi ya Baba Mdogo tukakuta mita zetu zimekuwa fupi, na vichuguu vyote tulivyopima vimesogea mbali kuliko vilivyo. Tukaanza upya kwa kamba ya nailoni. Dira ya simu nayo ina tabia zake: ukisimama karibu na nyumba ya mabati inachanganyikiwa, inakuonyesha kaskazini mbili. Simameni mbali na mabati, na mwenye simu avue bangili.

Kichuguu kigumu kuliko vyote kilikuwa cha mzee mmoja mwisho wa mtaa. Tulimsalimu, tukaeleza kazi yetu, tukafungua kamba. Akatuzuia kwa kiganja.

"Hapana. Mumuulize kwanza."

"Tumuulize nani, Papa?"

"Baba yangu. Iko ndani."

Nilidhani anamaanisha ndani ya nyumba, nikageukia mlango. Ilunga akanivuta mkono. Zamani, familia ile ilikuwa imemzika mzee wao pembeni ya kichuguu, na kichuguu kikaendelea kukua mpaka kikamfunika. Hakuna atakayekikata kamwe. Tukasimama mbele yake, tukajitambulisha kwa majina, shule na mwaka. Nilimaliza kwa kusema kwamba hatutachukua muda mrefu. Mzee akasubiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea jibu, akashika ncha ya kamba yeye mwenyewe. Kuanzia siku hiyo tuliwauliza watu wote swali moja kabla ya kupima: kuna mtu humo? Liandikeni kwenye maswali yenu, na liwe la kwanza.

Mvua zilipoisha ilikuja mitihani ya matayarisho ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyetoka na kamba. Ramani yetu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa nzuri, nasema bila aibu: katikati kichuguu cha Mama Zaina, na kutoka hapo mistari imetoka kwenda kwa vichuguu vingine vyote, kama miale. Madame akatangaza kwamba atashuka kwetu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nikamwambia Ilunga twende tuhakikishe tu, kwa mara ya mwisho. Akaguna, lakini akaja.

Tulikata kona ya mtaa wa nyuma, na niliona anga mahali ambapo hapakuwa na anga.

Kichuguu hakikuwepo. Palikuwa na shimo la duara, jekundu, na pembeni yake matofali mabichi yamepangwa kwa safu ndefu, yamefunikwa nyasi. Mti uliopinda ulikuwa umelala chini, tayari umekatwa kuni. Mwanamume mmoja aliyefunga shati kiunoni alikuwa anakung'uta kalibu ya mbao. Mama Zaina alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimsimamia.

"Mama," nikasema. "Kichuguu iko wapi?"

"Njo hii," akasema, akaonyesha matofali kwa kidevu.

"Lakini Mama, shiye tulikuwa tunapima!"

"Mulipima muzuri. Muliona vile ilikuwa mukubwa, hein?" Akacheka. "Mwamini, mutoto yangu anaoa. Ulifikiri niko naichunga ju ya masomo yenu?"

Yule mtengeneza matofali, jina lake Papa Kisimba, alituonea huruma. Akatueleza bila kuacha kazi kwamba udongo haukatwi wakati wa mvua kwa sababu tofali halikauki. Watu hungoja mvua ziondoke, halafu wote wanaanza pamoja. Ni jambo ambalo kila mtu wa Annexe analijua. Hata mimi nililijua. Nimekulia kati ya moshi wa matanuru ya kila kiangazi. Nilikuwa nimewaza juu ya ugonjwa, ugomvi, nguzo na pampu, lakini mipango yote niliifanya mvua ikinyesha, na kwenye mvua kichuguu ni kitu cha milele.

"Nyingine nazo zinakatwa?" Ilunga akamwuliza.

"Eh! Hii mwezi? Mutembee tu, mutaona."

Tulitembea, tukaona. Vingine vitatu vya kwenye ramani yetu vilikuwa vimekwisha, na kimoja kilikuwa kimebaki nusu, kama mkate ulioliwa.

Tulikaa kwenye ukingo wa shimo la Mama Zaina. Ilunga alifikiri, nami nikaogopa, ambayo ndiyo namna yangu ya kufikiri. Hatukuwa na haja ya kuambiana kilichokuwa mbele yetu. Madame atakuja na ramani yenye kitu kikubwa katikati, na katikati hakutakuwa na kitu. Tutafanana na wale wa soko, hatutatetea.

"Tuhamishe mwanzo," Ilunga akasema mwishoni. "Tuanzie ku pampu. Pampu iko, ataiona."

"Na namba? Zote zinatoka ku kichuguu."

"Tutaandika zingine. Unajua hesabu, weye."

"Ilunga, hatukupima kutoka ku pampu hata mara moja."

"Nani atajua?"

Nilimtazama tu. Akainua mikono. "Bon. Madame atajua."

Ilikuwa kweli kwamba atajua, lakini haikuwa hilo tu. Nilikuwa nimeshikilia ramani magotini, na nilijua kila mstari wake: huu niliumia kidole, huu tulisimamisha kwa radi, huu mzee alitushikia kamba. Nikiandika namba za uongo, hata ile ya mzee itakuwa ya uongo, na yeye alikuwa ametuombea ruhusa kwa baba yake. Nikamwambia Ilunga kwamba kichuguu kitabaki kwenye ramani. Akaniuliza tutakionyeshaje. Sikujua.

Ni yeye aliyejua. Alikuwa anatazama shimo kwa jicho la mchezaji wa mpira. "Iko duara," akasema. "Duara iko na kati. Kama ya kiwanja." Akaruka ndani. Tukavuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, tukavuta nyingine kuikata, na zilipokutana Papa Kisimba akatupigia kigingi cha mti. Kutoka hapo tukapima tena umbali hadi vichuguu vilivyosalia, upande wa kushoto na wa kulia. Namba zikaja karibu sawasawa na za zamani.

Wiki ile tulifanya kazi ambayo haikuwa kwenye mpango wowote. Badala ya kutafuta vichuguu vilipo, tukafuata vilikokwenda. Papa Kisimba na wenzake walitueleza kila tanuru lilichoma udongo wa kichuguu gani, na tofali zake zilikwenda kwa nani. Kimoja kilikuwa tayari ukuta wa kanisa dogo. Kimoja kilikuwa jiko na choo cha familia ya walimu. Tukachora ramani ya pili juu ya karatasi nyepesi inayoonyesha chini yake, ili ukiilaza juu ya ile ya kwanza uone kichuguu kikihama na kuwa nyumba. Vilivyokatwa tulivichora kwa duara la nukta. Nawashauri karatasi hiyo. Washonaji wa nguo huitumia kwa vielelezo, na mama yangu alinipa mabaki.

Jumamosi Madame alikuja na mwavuli wa jua, kofia, na penseli nyuma ya sikio. Nilikuwa nimeandaa maelezo, yenye utangulizi. Hakuyataka. Alitupokonya ramani ya kwanza, akaanzia mwisho wa mtaa, kwa yule mzee, akakiona kichuguu, akasalimu, akaendelea. Alikagua vingine viwili. Aliuliza upande, akainua simu yake, akavua bangili bila kuambiwa. Sisi tulimfuata nyuma kama watu wanaokwenda msibani.

Kisha akafika kwenye shimo.

Akatazama ramani. Akatazama shimo. Akageuza ramani, kana kwamba kichuguu kingekuwa upande wa pili.

"Na hii ya katikati?"

Nikafungua mdomo, na utangulizi wote ukataka kutoka kwa mara moja: mvua, katani, Baba Mdogo, nguzo za umeme. Madame akainua kiganja.

"Mwamini. Pumua." Halafu akamgeukia Mama Zaina, aliyekuwa amekuja kuona ni mwalimu wa namna gani. "Yambo, Mama. Hapa kulikuwa nini?"

Nikaogopa, kwa sababu Mama Zaina anapenda mzaha.

"Hapa? Kulikuwa kichuguu," akasema Mama Zaina. "Sasa kuko nyumba, njo bado haiyasimama."

Madame hakucheka. Alishuka shimoni, taratibu, akishika mkono wa Ilunga, akaenda mpaka kwenye kigingi. Akasimama hapo na mwavuli wake. Akapokea ramani ya pili kutoka kwa Ilunga, akaifungua, akailaza juu ya ya kwanza, akaitoa, akailaza tena. Papa Kisimba aliacha kukung'uta kalibu.

"Kwa nini hamukuiondoa?" akauliza. "Mungehamia pampu, nisingesema kitu. Pampu iko."

Ilunga alinitazama. Nilikuwa na majibu mengi, yote marefu. Nikachagua fupi, labda mara ya kwanza maishani.

"Tulianzia hapa, Madame."

Madame alikuwa bado anatazama ile karatasi nyepesi aliposikia simu yake ikilia mkobani. Akaipokea: alikuwa mume wake, aliyekuja kumchukua kwa gari na kupotea kwenye vichochoro vyetu. Tulimsikia hata sisi tuliosimama juu. Madame akaisogeza simu sikioni, mkono mwingine ukiwa bado umeshikilia ramani zetu zote mbili.

"Allô? Niko huku ku kichuguu ya Mama Zaina," akasema. "Apana, hauwezi kuiona. Uliza tu bantu, batakuonyesha."